Waya Ni wa Nani? Intaneti ya Nyumbani kutoka Stockholm hadi Mombasa

Anayetafuta nyumba ya kupanga Nyali, Kilimani au Mikocheni siku hizi huuliza mambo matatu kabla ya kutoa pesa ya kodi: maji yanatoka mara ngapi kwa wiki, mita ya umeme ni ya peke yake au ya kuchangia, na hapa kuna intaneti ya nani. Swali la tatu dalali hulijibu kwa kutaja jina la kampuni moja, mara chache mbili. Mpangaji akishasikia jina hilo, uchaguzi wake umekwisha kabla haujaanza. Kilichobaki ni kupanga kasi na bei ndani ya orodha ya kampuni ile ile.

Ushauri mwingi kuhusu intaneti ya nyumbani huanzia hapo palipobaki: linganisha bei, linganisha megabiti, soma masharti. Si ushauri mbaya, nami nitautoa wangu baadaye. Lakini nikitazama jinsi Waswidi, Waingereza, Wamarekani, Wajerumani na sisi wa Afrika Mashariki tunavyoipata huduma hii, naona maswali mawili yanayotangulia yote hayo. Waya unaotoka barabarani hadi ukutani ni wa nani? Na ruta iliyo mwisho wa waya huo ni ya nani? La kwanza ndilo linaloamua kama utakuwa na la kuchagua. La pili linaamua nani atakuwa na mamlaka juu ya mtandao wa nyumba yako baada ya kuchagua.

Tuanze Stockholm. Sweden ilifungua soko la simu kwa ushindani mwaka 1993, na mwaka uliofuata jiji la Stockholm likaunda kampuni yake, Stokab. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: wakuu wa jiji hawakutaka kila kampuni mpya ije kuchimba barabara zile zile ili kulaza waya wake. Stokab ikalaza faiba chini ya jiji, kisha ikajizuia kufanya jambo ambalo kampuni nyingine yoyote ingelikimbilia: haikumuuzia mkazi intaneti. Biashara yake ni kukodisha nyuzi tupu, zisizowashwa, kwa yeyote anayetaka kuziwasha, na zaidi ya kampuni 100 hukodi kwake. Miji mingine mingi ya Sweden nayo ina mitandao ya manispaa. Penye mtandao wa wazi wa namna hii, mkazi huchomeka ruta kwenye soketi ya ukutani, hufungua kompyuta, na ukurasa unaomjia ni orodha ya watoa huduma na bei zao. Akichoka na mmoja, anamhamia mwingine bila fundi kupanda ngazi wala ukuta kutobolewa upya.

Isidhaniwe kwamba kila Mswidi anafurahia uhuru huo. Wengi wanaishi katika majengo yanayomilikiwa kwa pamoja na vyama vya wakazi, na chama mara nyingi huingia mkataba mmoja kwa niaba ya jengo zima. Bei hushuka sana, lakini mkazi mmoja mmoja hana tena cha kuchagua. Intaneti inaingia katika ada yake ya mwezi. Kwa sura ya nje hali hii inafanana na ghorofa la Kilimani lenye kampuni moja. Tofauti iko katika aliyeamua. Kule wakazi ni wanachama, wanahudhuria mkutano na kupiga kura. Huku mwenye nyumba anakubaliana na kampuni, na mpangaji anaukuta waya umeshafungwa.

Waingereza walifika kwa njia nyingine. Waya wao wa simu ulijengwa na shirika la umma, ukarithiwa na British Telecom, na BT ikauzwa kwa watu binafsi mwaka 1984. Kwa hiyo swali lao lilikuwa namna ya kuifanya kampuni yenye waya isiwanyonge washindani wanaouhitaji waya huo huo. Msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, alipolichambua soko, BT ililazimika kutenga kitengo cha nyaya, na mwaka 2006 Openreach ikazaliwa, ikiwa na wajibu wa kuwahudumia wote kwa masharti yale yale. Ndiyo maana nyumba moja ya London inaweza kuchagua kati ya BT, Sky, TalkTalk, Vodafone na wengineo, ilhali waya unaoingia ukutani ni ule ule. Virgin Media ina nyaya zake, na wajenzi wapya kama CityFibre wameongeza njia ya tatu katika miji kadhaa. Tangu Septemba 2024, anayehama anazungumza na kampuni anayokwenda tu. Hiyo mpya ndiyo inayomalizana na ya zamani.

Uchaguzi huo una gharama ambayo msomaji wa kwetu huenda asiitarajie. Ni kifungo cha mkataba. Bei nzuri za Uingereza hutolewa kwa miezi 18 au 24, na anayetoka mapema hulipa faini. Tena, kwa miaka kadhaa mikataba ilikuwa na kipengele kinachopandisha bei kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei na nyongeza juu yake. Mwaka 2023, mfumuko ulipokuwa mkali, wateja wengi wa BT walipandishiwa kwa asilimia 14.4 katikati ya mkataba waliokwisha kuusaini. Ilibidi Ofcom ipige marufuku mtindo huo kwa mikataba mipya kuanzia Januari 2025. Sasa nyongeza yoyote lazima iandikwe mapema kwa pauni na peni.

Marekani nako kulipita karibu na njia ya Uingereza, kisha kukaiacha. Sheria ya mawasiliano ya 1996 iliwataka wenye nyaya za simu kuwapa washindani nafasi. Lakini mwaka 2005 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Brand X, iliukubali uamuzi wa Tume ya Mawasiliano, FCC, kwamba kampuni za kebo hazina wajibu huo kwa upande wa intaneti, na mwaka huo huo Tume ikaziondolea na kampuni za simu mzigo huo. Matokeo yake ni kwamba katika vitongoji vingi vya nchi tajiri kuliko zote, familia ina kampuni moja ya kebo na kampuni moja ya simu, na mara nyingi ni moja tu kati ya hizo yenye kasi ya kutosha. Marekani imejaribu kutibu upungufu wa uchaguzi kwa wingi wa taarifa. Tangu Aprili 2024 kampuni kubwa zinalazimika kuonyesha lebo iliyoigwa kutoka lebo za vyakula: bei halisi, ada za ziada, kasi ya kawaida ya kushusha na kupandisha, na kikomo cha data. Lebo hiyo ni nzuri, na ningependa kuiona Nairobi na Dar es Salaam. Ila lebo haimsaidii sana mwenye sahani moja mezani.

Mji mmoja wa Marekani unatuhusu kuliko mingine yote. Chattanooga, Tennessee, una kampuni ya umeme ya umma iitwayo EPB. Ilitaka faiba kwa ajili ya kuongoza gridi yake, na kwa kuwa nguzo na njia za kufikia nyumba zilikuwa zake tayari, ikaamua kuuza na intaneti. Kampuni za kebo zilipinga mahakamani, zikashindwa. Mwaka 2010 EPB ilitangaza gigabiti moja kwa kila mteja katika eneo lake. Sheria ya jimbo ikabaki kuizuia isiuze intaneti nje ya eneo lake la umeme, hata pale majirani walipoiomba. Nikisoma habari za Chattanooga nazifikiria nguzo za Kenya Power, zinazokodiwa na karibu kila kampuni ya intaneti nchini Kenya. Mwenye nguzo ana nguvu ambayo mteja haioni.

Kwetu historia ilianzia baharini. Hadi katikati ya 2009, pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa kuiunganisha na dunia. Tulitegemea setilaiti kwa bei ya kuumiza na kwa ucheleweshaji uliolazimisha hata maongezi ya sauti yawe ya kupokezana. Juni 2009 mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah. Mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2010 ikaja EASSy. Tanzania ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, ili uwezo huo usiishie ufukweni.

Miwili kati ya mikongo hiyo ya baharini haikujengwa na kampuni moja moja. EASSy ni ya ushirika wa kampuni nyingi za simu. TEAMS ni ubia wa serikali ya Kenya na kampuni binafsi, na miongoni mwa waliotia hisa ni Safaricom, Wananchi Group wenye Zuku, na Jamii Telecommunications wenye Faiba. Hizo ni kampuni zile zile zinazogombea mteja mmoja katika mtaa wa Bamburi au South B. Zilikaa meza moja, zikakubaliana kugawana waya chini ya bahari kwa maelfu ya kilomita. Zilipofika nchi kavu, kila moja ikaanza kuvuta waya wake. Tazama nguzo yoyote katika mitaa hiyo: nyaya nyeusi tatu au nne sambamba, kila moja na kisanduku chake, nyingine zikining'inia baada ya mteja kuhama. Ni gharama ile ile iliyolipwa mara tatu, na anayeilipa mwisho wake ni mteja.

Hoja ya kampuni naijua, nayo ina uzito. Aliyethubutu kutandaza faiba katika mtaa asioujua anastahili kuvuna kabla jirani hajaja kukodi kwa bei rahisi. Bila matumaini hayo, huenda mitaa mingi isingefikiwa kabisa. Lakini tuangalie yaliyotokea. Kampuni zote hufuata mitaa ile ile yenye kipato, kwa hiyo penye waya huwa zipo tatu, na ng'ambo ya barabara hakuna hata moja. Mitaa ya Kibera na Kawangware ilipata huduma zaidi kutoka kwa waliotumia minara midogo ya redio, Poa Internet wakiwa mfano, kuliko kwa wenye faiba. Ushindani wa kujenga umetupa nyaya nyingi mahali pamoja. Uchaguzi mlangoni haukuja nao, kwa sababu kampuni ya kwanza kuingia katika jengo mara nyingi ndiyo ya mwisho. Oman, ambako ndugu zetu wengi wenye asili ya Zanzibar wanaishi, iliunda kampuni ya serikali, Oman Broadband, inayolaza faiba na kuikodisha kwa Omantel, Ooredoo na Awasr. Mfano uko Maskati. Hatuhitaji kuufuata hadi Stockholm.

Hata hivyo tuna kitu ambacho Mwingereza aliyefungwa kwa miezi 24 angekitamani. Tunalipa kabla. Familia iliyozoea vocha ya simu, na LUKU kwa umeme, haikuona ajabu intaneti ya nyumbani ilipokuja kwa kifurushi cha siku 30. Huna pesa mwezi huu, huduma inasimama. Hakuna deni linalokua, hakuna faini ya kutoka, hakuna barua ya wakili. Mwalimu anayesafiri kwao wakati wa likizo halipii waya usiotumika. Uhuru huu ni mkubwa, na mtu yeyote anayetaka kutuletea mikataba mirefu kwa kisingizio cha ustaarabu anapaswa kukataliwa. Tunachokosa ni pa kwenda baada ya kuondoka.

Kifurushi cha siku 30 kina dosari moja: kalenda haisimami waya unapokatika, isipokuwa kampuni iamue yenyewe kufidia. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Shamu. Mei 12 mwaka huo EASSy na SEACOM zikakatika pamoja upande wa Afrika Kusini, na Kenya na Tanzania zilikaa siku kadhaa na intaneti ya kuvutavuta. Waingereza wana mpango ulioanza Aprili 2019, ambao kampuni kubwa zilijiunga nao: huduma ikikatika na isirudi baada ya siku mbili kamili za kazi, mteja huwekewa fidia ya kila siku bila kuomba. Ulianza na pauni 8 kwa siku, na pauni 25 kwa fundi asiyetokea siku ya miadi. Sioni kwa nini TCRA ya Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zisidai kitu kama hicho kwa lugha ya kwetu: siku iliyokatika irudishwe katika kifurushi.

Basi mpangaji wa Nyali afanye nini leo, kabla sheria hazijabadilika? Kwanza asimuulize muuzaji. Agonge mlango wa jirani wa ghorofa ya juu na wa chini, aulize mambo ya saa mbili usiku. Faiba inayofika majumbani kwetu kwa kawaida ni ya mfumo ambao uzi mmoja hugawanywa kwa vigawanyio vidogo vya mwanga kwa nyumba 32 au 64, na wote hugawana takribani gigabiti 2.5 kwa sekunde. Kampuni ikijaza nyumba na kubana njia yake ya kutoka nje, saa hiyo ndipo utakapoiona. Aulize pia ikikatika hurudi baada ya muda gani, kwa maana kasi ya kwenye bango haina thamani mbele ya fundi asiyepokea simu.

Kuhusu kasi yenyewe, wengi hununua zaidi ya haja. Megabiti nane ndizo hufanya megabaiti moja, hivyo kifurushi cha megabiti 30 hushusha kama megabaiti 3.75 kwa sekunde. Netflix hupendekeza megabiti 15 kwa picha ya ubora wa juu kabisa. Familia ya watu watano yenye televisheni moja na simu kadhaa haihitaji megabiti 200. Anayefanya kazi nyumbani kwa video, au anayepandisha mafaili makubwa, aulize kasi ya kupandisha, ambayo matangazo mengi huificha. Na neno “bila kikomo” lisomwe pamoja na kipengele cha matumizi ya haki, kwa sababu kampuni kadhaa hupunguza kasi mtu akivuka kiasi fulani cha data kwa mwezi.

Asiye na waya kabisa sasa ana Starlink, iliyoingia Rwanda na Kenya mwaka 2023. Kwa mkulima wa Laikipia au hoteli ndogo ya kisiwani ni jambo kubwa. Kwa mkaaji wa jiji si dawa ya kila kitu: mwishoni mwa 2024 ililazimika kusimamisha wateja wapya Nairobi kwa sababu nafasi ya angani ilikuwa imejaa. Nayo ni mwenye waya wa namna yake. Sahani ni ya mfumo wake, setilaiti ni zake, na ukihama, sahani ile haitafanya kazi kwa kampuni nyingine.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Hapa mwalimu ni Ujerumani. Kwa miaka mingi kampuni za huko ziliweza kumlazimisha mteja kutumia ruta yao. Baadhi zilikataa hata kumpa taarifa za kuingilia mtandaoni, ili ruta nyingine isiweze kufanya kazi. Watetezi wa programu huru, Free Software Foundation Europe wakiwamo, walipigania jambo hili pamoja na watengenezaji wa ruta. Kuanzia Agosti 1, 2016, sheria ikaweka mpaka ulio wazi: mtandao wa kampuni unaishia kwenye soketi ya ukutani. Kila kilicho mbele ya soketi ni cha mwenye nyumba, na taarifa za kuingilia lazima apewe bila kuziomba. Ndiyo sababu Mjerumani hununua ruta dukani kama anavyonunua redio, na FRITZ!Box, ya kampuni ya Berlin iliyojulikana kwa miaka mingi kama AVM, ni jina linalojulikana katika kila familia.

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani ruta ikiwa ya kampuni, mradi inafanya kazi? Jibu lilikuja Ujerumani kwenyewe, Novemba ya mwaka ule ule. Programu hasidi ya ukoo wa Mirai ilijaribu kuingia katika ruta za wateja wa Deutsche Telekom kupitia mlango ambao kampuni hutumia kuziongoza kutoka mbali. Haikufaulu kuziteka, lakini ruta zililemewa, na takribani wateja 900,000 walikosa huduma kwa mkupuo. Wote walikuwa na vifaa vya aina chache tu, vyenye udhaifu mmoja. Lakini haki lazima isemwe kwa pande zote: kampuni iliweza pia kusambaza marekebisho haraka kwa sababu ilikuwa inazisimamia. Anayenunua ruta yake mwenyewe akaisahau nyuma ya kabati kwa miaka mitano bila kuihuisha programu ana hatari ya peke yake. Umiliki ni wajibu, na mimi bado nauchagua, kwa sababu mwenye wajibu anajua ni nani wa kumuuliza.

Kwetu mpaka hauko ukutani. Ruta huja na fundi, ni mali ya kampuni, imesajiliwa kwa namba yake katika mitambo, na ukihama inarudishwa. Kinachonisumbua zaidi ni kinachofanyika katika zile dakika za mwisho, fundi akiwa na haraka ya kwenda kwa mteja mwingine. Anaandika jina la waifai na nywila anayoifikiria papo hapo, mara nyingi namba ya simu ya mwenye nyumba, anampa mtoto ajaribu, anaondoka. Nywila ya mitambo ya ndani inabaki ile ya kiwandani. Tangu siku hiyo, yeyote anayeijua namba ya simu ya baba anaweza kuingia katika mtandao wa nyumba.

Wenzetu wamelichukulia jambo hili kwa uzito wa sheria. Mwaka 2010 mahakama kuu ya Ujerumani iliamua kwamba mtu aliyeacha waifai yake bila ulinzi wa kutosha anaweza kudaiwa gharama kwa makosa ya wageni walioitumia. Uamuzi huo uliwatisha wenye mikahawa hadi wakafunga waifai zao, na mwaka 2017 bunge lilibadili sheria kwa sababu hiyo. California tangu 2020, na Uingereza tangu Aprili 2024, zilichagua kumbana mtengenezaji: kifaa hakiruhusiwi kuuzwa na nywila rahisi inayofanana katika vifaa vyote. Naona njia hii ya pili ni ya haki zaidi. Mzigo unamwangukia anayeweza kuubeba.

Hadi sheria kama hiyo itufikie, kazi ni ya mwenye nyumba, na haizidi nusu saa. Chini ya ruta kuna karatasi yenye anwani, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.100.1, pamoja na jina na nywila ya kuingilia. Iandike anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu iliyoungwa na waifai hiyo. Badilisha kwanza nywila ya ruta yenyewe, ambayo si ile ya waifai. Watu wengi hawajui kwamba ziko mbili. Kisha nywila ya waifai: maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana hukumbukwa kirahisi na ni magumu kubahatisha. Chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani. Zima WPS, ule mlango wa kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi. Washa mtandao wa wageni, na humo uwaingize wageni, televisheni na kamera. Simu na kompyuta za nyumbani zibaki katika mtandao mkuu. Kampuni ikiwa imekufungia baadhi ya mipangilio, wapigie na uwaombe wakufungulie. Na kama hawataki, unaweza kuunga ruta yako mwenyewe nyuma ya yao, ukazima waifai yao.

Kisha mahali pa kuiweka. Fundi hupenda karibu na mlango, ambapo waya wake unaishia haraka.

“Mama, tuifunge hapa hapa mlangoni?”

“Hapana mwanangu. Watoto wanasomea chumba cha nyuma. Vuta waya ufike ukumbini, pale juu ya kabati.”

Mama huyo yuko sahihi, na mita kumi za waya wa ziada ni haki ya kuidai kabla ukuta haujatobolewa. Ruta ikae katikati, juu, mbali na friji, kioo kikubwa na jiko la maikrowevu. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini yamejaa majirani, na chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Gigahezi 5 ni ya kasi lakini huchoka ukutani. Nyumba nyingi za Marekani ni za mbao na ubao wa jasi, na ruta moja huweza kufika mbali. Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya Lamu au ya Mji wa Kale Mombasa ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na hakuna ruta itakayozipenya ghorofa tatu. Pale usinunue vifaa vya kurushiana mawimbi kutoka chumba hadi chumba. Pitisha waya kwenye uwazi wa ngazi, uweke kituo kidogo cha waifai kwa kila ghorofa.

Liko jambo moja ambalo katika hilo sisi ndio wenye uzoefu: kukatika kwa umeme. Uingereza inazima mtandao wake wa zamani wa simu, kazi iliyopangwa kukamilika Januari 2027, na simu ya mezani inahamia kwenye ruta. Simu ya zamani ilipata umeme kutoka kwenye waya wenyewe, kwa hiyo ililia hata taa zikizimika. Ya sasa inakufa na ruta. Ofcom imezitaka kampuni ziwape wateja wanaotegemea simu ya mezani namna ya kupiga simu za dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Saa moja ingechekesha Temeke. Huku maduka ya vifaa vya umeme yanauza betri ndogo za volti 12 zilizotengenezwa kwa ajili ya ruta, na moja nzuri huendesha ruta kwa saa kadhaa. Faiba ya majumbani haina kifaa cha umeme njiani kati ya kituo cha kampuni na nyumba, kwa hiyo kituo kikiwa na jenereta na kwako kuna betri, mtaa mzima unaweza kuwa gizani na mtihani wa mtoto mtandaoni ukaendelea. Kabla ya kununua, soma volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta yako, kisha hakikisha betri inatoa volti hizo hizo na ampea zisizopungua hizo.